Chupa na Kizibo Chake

Katika mazoezi ya kufundisha wilayani Handeni, nilimsikia mwanachuo akiwaambia watoto kwamba plastiki zote ni kitu kimoja, na zikiyeyushwa huungana. Sivyo. Mtoto aliyefunzwa hivyo atakwenda kuzichoma, naye atapata bonge limegukalo ovyo na moshi wa sumu. Kwa maoni yangu, somo hili halihitaji moto. Beseni la maji latosha.

Kata kipande cha chupa ya maji na kipande cha kizibo chake, uvitie majini. Cha chupa huzama, cha kizibo huelea. Hizo ni plastiki mbili, na zikiyeyushwa pamoja hukataana mfano wa mafuta na maji. Kisha tikisa mafuta ya kupikia na maji, uongeze sabuni. Chembe ya sabuni hushika maji upande mmoja na mafuta upande wa pili. Viwandani nako hutiwa mpatanishi wa namna hiyo, matone ya plastiki moja yakawa madogo na kushikamana na nyingine.

Hata katani yetu ya Korogwe, ipendayo maji, haishikani vema na plastiki mpaka nyuzi zioshwe kwa kostiki, ile ya kutengenezea sabuni. Lakini kostiki huunguza, msiipeleke darasani.