Kulima Diski: Mavuno Yako Wapi?

Katika nchi ya chai neno 'kulima' halihitaji kufafanuliwa. Mkulima wa Kericho au Bomet anajua kupalilia, kuchuma majani mawili na kichipukizi, kisha kusubiri bonasi. Lakini katika miaka ya karibuni umezuka ukulima wa namna nyingine, usiojua jembe wala mvua. Shamba lake ni diski ya tarakilishi na mavuno yake ni sarafu ya kidijitali. Inayojulikana zaidi miongoni mwa sarafu hizo ni Chia, iliyoanzishwa na kampuni ya Mmarekani Bram Cohen, mvumbuzi wa BitTorrent. Mtandao wake ulianza kazi Machi 2021.

Haitakuwa ajabu wazo hilo likimvutia mwanafunzi wa Chebunyo, huko Chepalungu, au hata mwalimu wake. Mwaka 2025 wakulima wengi wa chai wa Kericho na Bomet walilalamikia bonasi ndogo, na karo haina subira. Mtu akisikia kwamba kijitarakilishi cha bei nafuu, kisichokula umeme, kinaweza kumletea fedha usiku na mchana akiwa amelala, atakosaje kutega sikio?

Ni haki kukiri kwamba ahadi hiyo ina ukweli ndani yake. Bitcoin huchimbwa kwa mitambo inayomeza umeme mwingi. Ndiyo maana kampuni ya Gridless, iliyoanza shughuli hiyo nchini Kenya mwaka 2022, ilikwenda kutafuta umeme wa maji katika kituo kidogo huko Murang'a. Chia haishindanishi nguvu za mitambo, bali nafasi ya kuhifadhia. Mkulima huijaza diski mafaili makubwa ya tarakimu, kila moja likikaribia gigabaiti 109. Mtandao hutoa fumbo, na yule ambaye mafaili yake yana jibu linalofaa hupata tuzo. Kuyatengeneza mafaili kunataka tarakilishi yenye nguvu, na kazi hiyo huchakaza upesi diski za kisasa zinazotumiwa kuyaandikia. Lakini yakishakamilika, hata Raspberry Pi, tarakilishi inayotoshea kiganjani, inaweza kuyalinda kwa wati chache tu.

Hata hivyo, udogo wa mashine haupunguzi ukubwa wa mashindano. Tuzo za mtandao mzima zimewekewa kipimo cha 4,608 kwa siku, wawe washindani mia au milioni. Ni sufuria moja ya ugali: wageni wakiongezeka, tonge hupungua. Katikati ya mwaka 2021 nafasi iliyokuwa ikishindana ilipita eksabaiti 30, yaani zaidi ya terabaiti milioni 34.

Natufanye hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kuithibitisha. Mwenye diski ya terabaiti 4 katika shamba la ukubwa huo angetarajia kushinda mara moja katika miaka mitano. Kijitarakilishi na diski vikitumia wati 15 kwa pamoja, vitakula uniti zipatazo 130 kwa mwaka, sawa na 650 kwa miaka hiyo mitano. Tukichukulia Sh25 kwa uniti, bili itapita Sh16,000. Na mavuno je? Tuzo ilikuwa sarafu mbili hadi Machi 2024, ilipopunguzwa kwa nusu. Sarafu iliyovuka dola 1,000 Mei 2021 ilikuwa imeporomoka hadi kama dola 30 mwishoni mwa mwaka 2022. Kwa bei hiyo, tuzo ya sarafu moja haifiki hata Sh5,000. Wapo wanaojiunga katika vyama ili wagawane tuzo kidogo kidogo, lakini chama hupunguza kungoja tu. Hakiongezi wastani wa pato.

Chia si upatu kama ule wa DECI uliowaliza Wakenya mwaka 2007. Kanuni zake ziko wazi kwa yeyote kuzisoma. Lakini mchezo wa haki nao unaweza kumfilisi maskini, iwapo wenzake wameingia na maghala ya diski naye ameingia na moja. Mwaka 2025 Kenya ilipata sheria ya kuwasimamia watoaji wa huduma za mali za kidijitali. Sheria hiyo yaweza kumbana tapeli, ila haiwezi kuibadilisha hesabu hii.

Lililo zito zaidi kwa walimu ni hili: ndani ya shamba hilo mna nini? Tarakimu tupu ambazo hazimfundishi mtu lolote. Ilhali Wikipedia nzima ya Kiingereza, pamoja na picha zake, hutoshea katika takriban gigabaiti 100 kwa programu ya Kiwix. Yaani faili moja la Chia huchukua nafasi ya kamusi elezo nzima. Ile ya Kiswahili ni ndogo zaidi, nayo huingia bila taabu. Kijitarakilishi kile kile kinaweza kuwasambazia wanafunzi darasani maarifa hayo kupitia simu na tabuleti, pasipo intaneti na pasipo kununua bando. Katika maeneo ambako mtandao ni hafifu na maktaba ni adimu, hayo ndiyo mavuno yasiyongoja miaka mitano.

Asiambiwe kijana aogope teknolojia. Aachwe afungue kijitarakilishi, ajifunze kuandika programu, hata achunguze Chia inavyofanya kazi, kwani ndani yake mna hisabati nzuri. Lakini shule au familia inayojikusuru kununua diski na ijiulize kwanza itajazwa nini. Ya kusubiri bahati, hapa kwetu, tunayo tayari: kila mwaka twaisubiri bonasi.