Fomu inapendeza kwenye skrini, mama anabaki bila jetoni

Katika kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, kabla hazijavunjwa mwaka 2025, kijana alikuja na simu, akauliza, akabonyeza. Mama ambaye hakuingia ndani ya ile simu hakupata jetoni, na bila jetoni hakukuwa na unga, hakukuwa na bashi.

Fomu hiyo inatoka wapi? Mara nyingi imetengenezwa ofisini kwa programu kama KoboToolbox au ODK, zilizoanzia vyuo vikuu vya Marekani. Sifa yao wapewe: zinafanya kazi hata pasipo intaneti. Lakini skrini yake inampa mtengenezaji visanduku vilivyo tayari: jina, tarehe, namba, orodha. Anavuta kimoja, anakiweka chini ya kingine, na saa moja haijaisha fomu imependeza. Anaamini amemaliza, kumbe hajaanza.

Tazameni jina. Mkongomani ana jina, posnomu na prenomu. Fomu ina visanduku viwili. Kijana wa leo anaacha la katikati, wa kesho anaacha la mwisho, na siku ya kugawa chakula mama haonekani kwenye liste.

Kibaya zaidi ni kadi ya uchaguzi. Kuweka alama ya "lazima" kwenye swali ni kazi ya kidole kimoja. Lakini kwa uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, sehemu kubwa ya Masisi na Rutshuru haikuandikishwa kwa sababu ya vita, na watu wa huko ndio waliojaza kambi hizi. Wengine wana kadi ya zamani, wengine iliungua pamoja na nyumba. Fomu inawadai kadi ambayo Serikali yenyewe haikuwapa, na isipojazwa haisongi mbele. Basi kijana anaandika sufuri tupu ili apite. Kule ofisini, familia zote zenye sufuri zinafanana na mtu mmoja aliyejiandikisha mara nyingi. Zikifutwa, nani ataitwa mdanganyifu? Si aliyeweka ile alama.

Mzee anajua alizaliwa 1958, basi. Kalenda inamdai siku na mwezi, ingawa programu ina njia ya kuomba mwaka peke yake. Iko kwenye mipangilio, mahali ambapo mvuta-visanduku hafiki.

Na mahali mtu alipotoka? Ukichagua Masisi, hupaswi kuona Bwisha, ambayo ni ya Rutshuru. Orodha za kufuatana namna hiyo zinaandikwa vizuri kwenye jedwali la Excel, mstari kwa mstari. Ni kazi ya kuchosha. Anayeikwepa anamwachia kijana orodha moja ndefu, naye juani anachagua jina la kwanza linalofanana.

Watetezi watasema watu wanakimbia leo, hakuna wakati. Kweli, Februari 2024 mapigano yalipofika karibu na Sake, nani alikuwa na wakati? Lakini saa moja iliyookolewa ofisini inalipwa na mama anayerudi kwenye foleni mara tatu, mtoto mgongoni.

Mashirika ya kiutu yaondoe "lazima" kwenye kadi na kwenye namba ya simu, yaweke jibu la "sina". Kisha, kabla fomu haijatumwa kwa simu zote, ijazwe na familia kumi kambini, rais wa kambi akiwa ameketi pale, na aliyeitengeneza awe ndiye anayebonyeza.