Hunter Ni Jina la Mtu

Kuna kitu nimegundua watu wengi wa rika langu hawajui. Hunter's Lodge, ile hoteli ya Kiboko kwenye barabara ya Mombasa, haikuitwa hivyo kwa sababu wawindaji walikuwa wanalala pale. Hunter ni jina la mtu. John Alexander Hunter, Mskoti, alizaliwa 1887, akaingia Kenya 1908, na kazi iliyompa umaarufu ilikuwa kuwinda. Yaani jina na kazi vikakutana, kama yule jamaa mliyekuwa mnamwita Fundi tangu nasari halafu kweli akawa fundi.

Naandika hii kwa sababu ya barabara. Kwetu ni Migwani, na zamani mtu wa Migwani akitaka kwenda Mombasa alikuwa anapanda kwanza hadi Nairobi ndiyo ateremke tena, safari ya kuzunguka mbuyu. Sasa kuna lami inayotoka Kibwezi, inapita Mutomo, Kitui, Kabati, hadi Migwani. Kwa hivyo vijana wa Kitui wameanza kuchanga doo za mafuta Jumamosi na kuteremka upande wa Makueni kutafuta pa kupigia picha. Na Kiboko ni mahali pa picha, sitadanganya. Maji yametulia, migunga ya gome la njano imesimama pembeni, ndege kelele. Ukitoka kwenye joto la barabara ile na malori yake, unahisi umeingia nchi nyingine.

Sasa shida yangu ni maneno tunayoweka chini ya hizo picha. "Enzi za ukoloni, stailo safi." "Mandhari ya kizamani." Kizamani gani? Wasee, hiyo zamani ina hesabu, na hesabu yenyewe ni 996.

Nieleze.

Miaka ya 1930 Wakamba wa Machakos walikuwa wamebanwa. Ardhi nzuri ilikuwa imechukuliwa na walowezi, iliyobaki imejaa watu na ng'ombe, udongo unaondoka na kila mvua. Serikali ya kikoloni ikaamua dawa ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 wakaanza kukamata mifugo na kuiuza kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo Muindi Mbingu, ambaye wengi wetu tunamjua kama mtaa wa Nairobi tu, akaongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi, wakapiga kambi Kariokor wiki kadhaa wakimsubiri Gavana. Muindi akakamatwa, akapelekwa Lamu kizuizini. Lakini ng'ombe waliokuwa bado hawajauzwa wakarudishwa. Hiyo stori peke yake inastahili filamu, tutarudi siku nyingine.

Serikali ikabaki na swali lile lile: hawa watu waende wapi? Jibu likawa Makueni. Wakati huo Makueni ilikuwa kichaka, mbung'o wengi, na vifaru. Vifaru wengi kuliko unavyoweza kufikiria leo. Ili watu wapewe mashamba, kichaka kilipaswa kufyekwa, na wafyekaji hawangeweza kufanya kazi huku kifaru anatokea nyuma ya kila mti. Idara ya Wanyama ikamtuma J. A. Hunter.

Kuanzia Agosti 1944 hadi Oktoba 1946 aliua vifaru 996. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya mmoja kwa siku, kila siku, kwa miaka miwili na zaidi.

Halafu linganisha na hii. Vifaru weusi wote walioko Kenya leo, ukiwajumlisha wa Nairobi, wa Tsavo, wa Laikipia, kila mahali, ni karibu 1,000. Mtu mmoja mwenye bunduki na mshahara wa serikali alimaliza Kenya nzima ya leo, katika wilaya moja.

Hiyo ndiyo CV ya landilodi wa kwanza wa Kiboko. Mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa mzee, yeye na mkewe Hilda wakajenga nyumba ya wageni pale kwenye chemchemi, wakaipa jina lake. Alikufa 1963, mwaka ule ule bendera ilibadilishwa. Wenye nyumba waliokuja baadaye wakaliacha jina kama lilivyo, na mimi naelewa: ni jina linalouza. Mtalii akisikia Hunter's Lodge anaona kofia pana, moto wa jioni na wiski. Haoni mizoga 996.

Mnaweza kudhani naelekea kusema jina lifutwe. Hapana. Na hapa ndipo najua nitakosana na baadhi ya marafiki zangu ambao dawa yao ya kila kitu ni kubomoa.

Nina rafiki wa Wote. Babu wa baba yake alikuwa kati ya waliopewa shamba kwenye ule mpango wa Makueni. Mwanzoni wengi walikuwa wanasita kuhamia, kwa sababu masharti yalikuwa mengi na mtu aliyenyang'anywa ng'ombe juzi hawezi kuamini ukimwambia leo unamgawia ardhi. Lakini huyo mzee alienda. Akapanda, akachimba matuta, akazaa, na kwenye shamba lile rafiki yangu amekula maembe maisha yake yote. Nilipomtajia 996 alinyamaza, halafu akasema, "Kwa hivyo unataka tuombe vifaru msamaha?"

Swali la haki kabisa. Na jibu langu ni kwamba sijui kifaru anaombwaje msamaha, lakini najua tukilifuta jina tutakuwa tumejifuta na sisi kwenye hadithi. Ukiibandika Kiboko jina jipya la Kikamba tamu, watoto watadhani mahali pale palikuwa petu siku zote, kimya kimya, bila damu. Hunter hakuua kwa raha zake pale Makueni. Alitumwa, na alitumwa ili sisi tupate pa kukaa, baada ya walewale waliomtuma kuchukua pale tulipokuwa. Wakachukua ardhi huku, wakasafisha kule kwa risasi, halafu wakasema wametusaidia. Hiyo sentensi yote iko ndani ya jina lile moja. Ndiyo maana nalitaka libaki.

Kinachonikera zaidi ni kitu Hunter mwenyewe alikiandika. Kwenye kitabu chake cha 1952, kinachoitwa Hunter, anajiuliza kama kweli ilifaa kuua wanyama wa ajabu kiasi kile ili kupata ekari chache za watu ambao idadi yao inaongezeka tu. Ukikisoma haraka unasema, oh, mzee alikuwa na roho. Soma tena polepole. Hao watu wanaoongezeka tu ni nani? Ni babu wa rafiki yangu. Ni sisi. Kwa mtazamo ule, kosa ni la wingi wetu, si la walioketi kwenye ardhi ya vilima na kahawa. Huruma ya kifaru ikapatikana. Ya Mkamba, tuendelee kutafuta.

Tena angalia tarehe. Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa 1948. Mwaka 1956 na 1957 kukawa na operesheni kubwa ndani ya Tsavo dhidi ya wawindaji wa mishale, Wakamba na Wata, na wengi wakafungwa jela. Walikuwa majangili. Karibu miaka ile ile, umbali usio mkubwa, mtu mwenye rekodi ya vifaru 996 anajenga hoteli na kuandika jina lake kwenye lango. Yeye alikuwa mwindaji. Tofauti kati ya jangili na mwindaji ilikuwa karatasi, na anayetoa hiyo karatasi.

Na msiniambie eti mishale ya babu zetu haikuua. Iliua, na sumu yake ilikuwa maarufu, na pembe za ndovu ziliuzwa hadi pwani karne nzima kabla ya mzungu. Sina babu malaika. Tena vifaru waliendelea kufa hata baada ya uhuru, tukiwa na bendera yetu na askari wetu: walikuwa karibu 20,000 nchini mwaka 1970, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 hawakufika 400. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na bado waliisha. Hao hakuua Hunter. Kwa hivyo nikisema tuandike hesabu, nasema zote.

Mtu wa mjini anaweza kuuliza haya yananihusu nini. Nenda Mutha, Kitui Kusini, msimu wa mavuno, uwaulize watu ndovu wakitoka Tsavo usiku hufanya nini kwenye shamba la pojo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema mtu akiuawa na mnyama familia inalipwa milioni 5. Nzuri kwenye karatasi. Watu husubiri miaka. Na ole wako umguse huyo ndovu. Hapo ndipo naona lile swali la Kiboko halijaisha: nani anaamua mnyama huyu afe na huyu aishi, na nani anakaa kwenye shamba akisubiri jibu. Mwaka 1944 iliamuliwa ofisini kwamba kifaru afe. Leo inaamuliwa ofisini kwamba ndovu aishi. Mimi niko upande wa ndovu, kwa rekodi. Lakini mama wa Mutha hakuulizwa mara zote mbili.

Turudi kwenye hoteli. Ukitaka kuona kwamba mtu anaweza kujenga pa kulaza wasafiri kwenye barabara ile ile bila kujitukuza, shuka Makindu, si mbali na Kiboko. Lile hekalu la Masingasinga limekuwepo tangu 1926, na jamii iliyolijenga ililetwa huku na reli. Unaingia, unavua viatu, unafunika kichwa, unakula, na hakuna anayekuletea bili. Dereva wa lori, familia ya Mombasa, mimi na mkoba wangu wa kamera, wote sahani moja. Ukitaka kuacha kitu unaacha. Nimekula pale dengu na chapati mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri. Hakuna jina la mtu limeandikwa langoni kwa herufi kubwa, na nadhani ndiyo maana hakuna anayepaonea haya.

Kiboko haiwezi kuwa hivyo, ni biashara, na biashara haina dhambi. Wafanyakazi wanahitaji mishahara, na barabara ile imeshapigwa na treni ya Madaraka tangu 2017, maana abiria kibao wanaruka miji yote hii wakiwa wamelala. Sitaki mtu asiende. Nataka mtu akienda ajue landilodi wa kweli ni nani kwa mpangilio. Kwanza ni Chyulu: mvua ikinyesha kule juu inazama kwenye mawe ya volkano, inasafiri chini kwa chini, inatokea Mzima, inatokea Umani kule Kibwezi, inatokea Makindu, inatokea Kiboko. Hakuna aliyejenga hoteli pale kwa sababu ya mandhari tu. Walifuata maji, kama vifaru walivyoyafuata. Na wakichoma msitu wa Chyulu makaa uishe, hakuna mwenye nyumba wa Kiboko atakayekuwa na kitu cha kupangisha. Halafu wakaja wafugaji na wawindaji wa pande mbili, Wakamba na Wamaasai, waliokunywa pale na kupigana pale. Halafu serikali iliyosema yote ni mali ya Mfalme. Halafu Hunter. Halafu waliomfuata.

Ombi langu ni dogo na halina gharama ya kutisha. Kaunti ya Makueni na wenye hoteli wakae chini, waweke kibao kimoja langoni, Kikamba, Kiswahili na Kiingereza. Kiseme Hunter alikuwa nani. Kiseme 996, na tarehe zake. Kiseme ni kwa nini alitumwa, na Muindi Mbingu atajwe, kwa sababu bila 1938 hakuna 1944. Mistari sita inatosha. Mtalii atasoma, atapiga picha, atanunua soda vilevile. Sijawahi kuona mtu akighairi chai kwa sababu ya ukweli.

Na sisi wa kontenti tuache uvivu. Kama una sekunde 60 za vidio, sekunde 10 zinatosha kutaja hiyo namba. Naahidi watu watabaki hadi mwisho, kwa sababu hakuna kitu kinachomshika mtu kama namba ambayo hakuitarajia.

Kwa wale wa Migwani na Mwingi mnaopanga Desemba: teremka na lami hadi Kibwezi, kata kulia kuelekea Nairobi, kula Makindu bure na uoshe sahani yako, halafu Kiboko. Ukishaketi kando ya maji na chai yako, muulize mhudumu kwa upole Hunter alikuwa nani. Nitumie alichojibu.