Chumba Kimoja Katika Boma la Biharamulo

Kijana wa Ngara aliyejaaliwa kipaji cha kuchora, akitaka kuiona nyumba ya sanaa ya zama hizi, aghalabu hana budi kupanda basi mpaka Dar es Salaam, ambako Nafasi Art Space, iliyoasisiwa mwaka 2008, imegeuza makontena ya mizigo kuwa karakana za wasanii. Kwa rai yetu, taasisi za namna hiyo zingefanya hisani kubwa zaidi lau zingemfuata kijana huyo karibu na kwao, zikaazima chumba kimoja katika boma kongwe la Wajerumani pale Biharamulo, zikaleta rangi, mbao na fundi wa kukaa miezi kadhaa, wala si mgeni rasmi wa kukata utepe na kuondoka.

Ng'ambo ya daraja la Rusumo, kule Nyakarambi nchini Rwanda, kina mama huchanganya kinyesi cha ng'ombe na majivu (msomaji asikunje pua), wakafinyanga kwa vidole matuta membamba juu ya ubao, kisha wakayapaka nyeusi, nyeupe na nyekundu, na wasafiri hununua. Ng'ombe Ngara wapo, na majivu yapo. Kinachopungua ni mahali pa kujifunzia na soko. Halmashauri za wilaya zetu mbili, Ngara na Biharamulo, zianze kwa kuutafuta ufunguo wa chumba hicho.