Uchaguzi 2027: Mtihani wa kuacha mbachao kwa msala upitao

MPIGA kura huamua nani ataongoza siku moja tu, tena akiwa peke yake ndani ya kibanda. Mtumishi wa umma anayetaka kuchaguliwa hulazimika kuamua miezi sita mapema, na uamuzi wake hauna siri: ni barua ya kujiuzulu.

Hilo ndilo suala linalowakabili watumishi wengi wa serikali wanaomezea mate viti vya kisiasa katika uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027. Halihusu wakuu wa mashirika jijini Nairobi pekee. Katika wadi ya Siongiroi, eneobunge la Chepalungu, Kaunti ya Bomet, mwalimu, muuguzi au chifu anayeombwa na wazee wa kwao awanie udiwani anaingia katika mtihani uo huo.

Kifungu cha 43(5) cha Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 kinamtaka afisa wa umma anayenuia kugombea kiti ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya kura. Kwa hesabu hiyo, mlango unafungwa mapema Februari 2027.

Lengo la sheria lina mashiko. Chifu ana usemi mkubwa kijijini, na mwalimu mkuu husimamia fedha na watu. Haifai kiongozi wa aina hiyo aombe kura huku akitumia gari, ofisi na mamlaka ya umma. Wala Kenya si peke yake. Katiba ya Uganda humtaka mtumishi wa umma anayewania ubunge ajiuzulu siku 90 kabla ya uteuzi wa wagombeaji.

Hata hivyo, sheria hiyo ya Kenya inawasaza Rais, naibu wake, wabunge, magavana na madiwani. Mbunge anayetaka ugavana huendelea kupokea mshahara hadi siku za mwisho za kipindi chake. Mwalimu wa Siongiroi hana fursa hiyo.

Tofauti hiyo inajitokeza wazi katika historia ya hivi karibuni ya ukanda wa majani chai.

Isaac Ruto alikuwa mbunge wa Chepalungu alipoamua kuwania ugavana wa Bomet mwaka 2013. Ulikuwa wadhifa mpya, usiojulikana utakuwa na nguvu kiasi gani. Alishinda, na akawa mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Magavana.

Mwaka 2017 aliyemng'oa alikuwa Joyce Laboso, naye akiwa ameweka rehani viti viwili: ubunge wa Sotik na wadhifa wa Naibu Spika wa Bunge la Kitaifa. Laboso alikuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Egerton kabla ya kuingia bungeni kupitia uchaguzi mdogo wa Septemba 2008, baada ya dadake, Lorna, kufariki katika ajali ya ndege Juni mwaka huo. Aliingia katika kumbukumbu kama mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini, pamoja na Charity Ngilu na Anne Waiguru. Alifariki Julai 2019, na naibu wake, Hillary Barchok, aliyekuwa mhadhiri wa chuo kikuu, akarithi kiti.

Ruto na Laboso walicheza kamari, lakini waliicheza wakiwa bado na mshahara wa bunge. Charles Keter hakuwa na bahati hiyo.

Keter aliwahi kuwa mbunge wa Belgut, kisha akachaguliwa seneta wa Kericho mwaka 2013. Mwishoni mwa 2015 aliacha useneta, kiti alichopewa na wapiga kura, akawa Waziri wa Kawi, kazi ya kuteuliwa. Nafasi aliyoiacha ilitwaliwa na Aaron Cheruiyot katika uchaguzi mdogo wa Machi 2016.

Februari 2022, akiwa Waziri wa Ugatuzi, Keter alijiuzulu ili awanie ugavana wa Kericho. Miezi miwili tu baadaye, katika mchujo wa chama cha UDA mwezi Aprili, alibwagwa na Erick Mutai, ambaye hatimaye alichaguliwa gavana mwezi Agosti.

Hapo ndipo penye kasoro ambayo wengi hawaitazami. Barua ya kujiuzulu huandikwa Februari ilhali tiketi ya chama hutolewa Aprili. Katika maeneo ambako chama kimoja kina ufuasi mkubwa, mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Mtumishi wa umma basi huacha kazi kabla hajajua iwapo chama kitamkubali, sembuse wapiga kura.

Takwimu nazo hazifariji. Mwaka 2022 wagombeaji zaidi ya 16,000 waliidhinishwa kuwania viti 1,882 kote nchini, vikiwemo viti 1,450 vya udiwani. Kwa wastani, kila aliyefaulu aliwaacha nyuma watu wapatao saba. Hesabu hiyo haiwajumuishi walioangukia mchujoni.

Wakubwa wakianguka, aghalabu hupata pa kushikilia. Isaac Ruto alishindwa mwaka 2017 na tena 2022, lakini baadaye aliteuliwa katika Tume ya Huduma za Mahakama (JSC). Mwalimu aliyeshindwa udiwani hatarajii kuitwa Ikulu. Hakuna sheria inayomhakikishia kwamba atarejeshewa nafasi yake shuleni, na wakati huo huo nafasi hiyo inamezewa mate na maelfu ya walimu wasio na ajira.

Isitoshe, mshahara wa mwalimu si pesa za matumizi tu. Ndio dhamana ya mkopo wake katika chama cha akiba na mikopo. Ndio chimbuko la pensheni yake: chini ya mpango ulioanza Januari 2021, mtumishi huchangia asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi na serikali asilimia 15. Akijiuzulu, michango hiyo hukoma, lakini deni halikomi. Wadhamini wake, ambao mara nyingi ni walimu wenzake, ndio watakaogongewa mlango.

Kwa sababu hiyo, Siongiroi ina funzo lake. Yapata mwaka 2000, wakulima wa eneo hilo waliasisi kiwanda chao cha kupoesha maziwa kwa usaidizi wa mashirika ya Heifer International na TechnoServe. Kilidhihirisha kwamba mfugaji mwenye ng'ombe wachache anaweza kupata kipato cha kila mwezi, kulipa karo na kukopesheka bila hati ya mshahara. Mtumishi mwenye kipato cha namna hiyo nyumbani anaweza kujiuzulu, ashindwe, na bado watoto wake wasifukuzwe shuleni. Asiye nacho anaweka rehani nyumba nzima.

Suluhu ya kisheria haihitaji miujiza. Bunge linaweza kusogeza makataa ya kujiuzulu hadi baada ya mchujo, au kumruhusu mtumishi wa ngazi ya chini achukue likizo bila malipo na kukabidhi ofisi. Lakini watakaoibadilisha sheria ni wale wale ambao haiwabani, na ambao kila Februari huwapunguzia washindani.

Hadi hapo, mwalimu wa Siongiroi hana budi kutenganisha sauti mbili. Wazee wanaomsihi agombee humpa baraka, nayo ni kitu cha thamani. Hawampi tiketi, wala hawatamlipia mkopo. Wahenga walionya dhidi ya kuacha mbachao kwa msala upitao. Hawakusema mtu asiinuke kamwe. Walitaka kwanza ajue atakalia nini msala ukishapita.