Nilisikia, Lakini Sikumwona Mtu

Katika jambo hili nina ugomvi na watu wa namna mbili, nao wenyewe kwa wenyewe hawapatani. Wa kwanza ni wale ambao wakisikia kishindo usiku hawaulizi "Ni nini?" bali "Ni nani?" Wa pili ni wasomi wenzangu, ambao ukiwaambia kwamba ulisikia kishindo hukutazama kwa huruma na kukuuliza kama siku hiyo ulikula vizuri. Nimeishi na watu wote hao kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe nilikuwa wa kundi la pili. Ninayoyaeleza hapa sikuyaandika zamani kwa sababu ya aibu. Aibu yenyewe, ndugu msomaji, haikutokana na kusikia. Ilitokana na maneno niliyoyasema baada ya kusikia, na zaidi yale niliyoshindwa kuyasema.

Nilizaliwa mwaka 1949. Marehemu baba yangu alikuwa fundi mwashi, naye alinifundisha mapema kwamba nyumba haikosi sauti zake. Mabati yaliyopata jua mchana kutwa hulia yakipoa usiku. Mbao za dari hujinyoosha na kujikunja. Popo, panya, bundi na bungua nao wana kazi zao. Kwa hiyo nilikua sina woga wa giza, na nilipokuwa mwalimu niliwacheka waziwazi wenzangu waliovaa hirizi ndani ya shati la kola.

Mwaka 1979 nilipelekwa kuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu huko bara. Sitakitaja jina kwa sababu baadhi ya waliohusika wangali hai. Miaka ile ilikuwa ya pilikapilika. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limetaka watoto wote waingie shule ya msingi, na tangu mwaka 1977, mpango huo ulipoanza, walimu walihitajika kwa maelfu. Tulifundishia kila mahali penye paa. Jengo kuu lilikuwa la wakati wa Mjerumani: kuta za mawe unene wa mkono mzima, ujia mrefu katikati, madarasa manne chini, ofisi juu, na ngazi ya mbao iliyolalamika kila ulipoikanyaga. Jenereta ilizimwa saa nne usiku, tena ikiwa dizeli ipo. Baada ya hapo tulitumia chemli.

Jengo kama hilo haliwezi kukosa hadithi. Ilisemekana kwamba yumo mzungu asiye na kichwa. Wengine walisema alikuwa askari, wengine walisema alikuwa mwalimu. Hakuna aliyewahi kunieleza jinsi mtu asiye na kichwa alivyojulikana kuwa ni mzungu gizani.

Sasa niingie katika lenyewe. Mwezi Juni mwaka 1984 nilikuwa nikisahihisha mitihani ofisini juu, usiku wa saa sita hivi. Nikasikia chaki. Sisemi nilisikia sauti iliyofanana na chaki. Mtu aliyeandika ubaoni miaka kumi na zaidi hawezi kuikosea sauti hiyo, kama mama asivyokosea kilio cha mwanawe. Ilikuwa ikitoka darasa la tatu, chini ya ofisi yangu: mikwaruzo mifupi mifupi ya herufi, kituo cha nukta, kisha mkwaruzo mrefu mmoja, kama mwalimu anayepigia mstari kichwa cha somo. Kimya kidogo. Kisha ikaanza tena.

Nilishuka na chemli nikidhani ni mwanachuo mtundu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la nje. Nilipolishika komeo, sauti ikakatika. Ndani hamkuwa na mtu, madirisha yalikuwa na nondo, na ubao ulikuwa mtupu. Nilipitisha kidole ubaoni. Hakikutoka na vumbi.

Baina ya Juni na Septemba nilisikia mara tano. Sikukaa bure. Tawi la mwembe lililokaribia dirisha nililikata mwenyewe, sauti ikarudi. Niligonga mbao zote nikitafuta bungua. Nilitega panya, nikanasa wawili, sauti ikarudi. Mwisho nilifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nywele husisimka: niliomba ubao utolewe darasani uegemezwe ujiani, kwa kisingizio cha kupakwa rangi. Usiku ule mkufunzi wa hisabati, mtu mkavu kabisa wa kuhesabu kila kitu, alikaa nami ofisini. Tulisikia wote wawili. Sauti ilitoka darasani, wala si ujiani ulikokuwa ubao. Yeye aliinuka, akavaa koti lake, akasema, "Mwalimu, mimi sitaki kujua," akaenda zake. Hatukulizungumza tena.

Kwa hiyo wasomi wenzangu wasiniambie niliota. Ndoto haiotwi na watu wawili walio macho na kalamu nyekundu mkononi. Wala sisemi kwamba sababu haipo. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za mhandisi mmoja wa Uingereza, Vic Tandy, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1998. Katika maabara aliyokuwa akifanya kazi watu walikuwa wakipata baridi na hofu, na yeye mwenyewe usiku mmoja aliona kitu cha kijivu pembeni mwa jicho. Kesho yake aliubana upanga wa mchezo kwenye jiliwa ili aurekebishe, akaona bapa lake linatetemeka peke yake. Alipofuatilia aligundua kwamba feni mpya ya kutolea hewa ilikuwa ikitoa mtetemo wa mara 19 hivi kwa sekunde, ambao sikio la binadamu halisikii lakini mwili unaupata. Feni iliporekebishwa, mzuka ukaisha. Nilifurahi sana kusoma habari hiyo, kisha nikahuzunika. Sisi saa sita usiku hatukuwa na feni wala umeme wa kuiendesha. Chaki yangu ilibaki palepale.

Lau ningeishia hapo, hii ingekuwa hadithi ya kuchangamsha watu wakati wa chai. Na ndivyo nilivyoifanya. Mwaka 1985 niliisimulia katika chumba cha wakufunzi, nikicheka, nikiiga kwa ukucha juu ya meza jinsi ilivyokwaruza. Watu walicheka. Sikujua kwamba nilikuwa nikitoa ushahidi.

Mwaka uliofuata wanachuo wa kike walianza kuanguka na kupiga kelele bwenini usiku. Alianza mmoja, wakawa watatu, ikafika idadi ya kutisha. Wazazi walikuja juu. Kilifanyika kikao cha wakufunzi, na kabla ya mtu yeyote kuuliza wasichana hao walikuwa wakila nini, wakilala saa ngapi, au walikuwa na hofu gani ya mtihani uliokuwa unakaribia, jina lilikwisha kutajwa. Lilikuwa jina la mlinzi wa usiku.

Huyu alikuwa mzee wa makamo ya baba zetu, mgeni wa mkoa ule, mtu wa maneno machache. Hoja dhidi yake zilikuwa tatu: hana jamaa karibu, ana hirizi mkononi, na huzunguka usiku. Fikiri, msomaji! Serikali ilikuwa ikimlipa mshahara azunguke usiku, na sasa kuzunguka usiku kukawa ndiyo hatia yake. Hirizi nayo, nusu ya waliokaa katika kikao kile walikuwa nazo. Mganga aliletwa kwa michango yetu. Na mimi nilichanga. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya umoja. Mganga, baada ya kupewa chakula na kukaa na wenyeji siku nzima, aliagua kwamba mwenye mambo ni "mtembea usiku". Ramli hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza angeipiga.

Ndipo mwenyekiti aliponigeukia. "Mwalimu, si wewe mwenyewe ulisikia?"

Nikajibu, "Nilisikia."

Sikuongeza neno. Ningeweza kusema, "Nilisikia, lakini sikumwona mtu." Ningeweza kusema kwamba usiku wa mara ya tatu nilipofungua dirisha nilimwona mzee yule na tochi yake huko getini, mbali kabisa na darasa, chaki ikiwa bado inaandika chini yangu. Nilikuwa na ushahidi wa kumtoa, nami nikautumia mdomo wangu kumzamisha. Niliogopa kuonekana namtetea mchawi, na nadhani niliona fahari kidogo kwamba mtu asiyeamini kama mimi anaitwa kuwa shahidi.

Barua ya kumwachisha kazi haikuweza kuandika uchawi, maana faili la serikali lina adabu zake. Iliandikwa kwamba amekutwa akilala lindoni. Ndivyo mzee yule alivyofukuzwa: kikaoni kwa kosa la kutolala, na katika faili kwa kosa la kulala. Alikuwa amebakiza miaka miwili tu astaafu.

Wasichana waliendelea kuanguka mpaka walipopewa likizo. Na mwezi wa Agosti, nikiwa peke yangu ofisini, chaki iliandika tena. Sikumwambia mtu.

Wale wa kundi la kwanza huniambia, "Lakini wewe mwenyewe hujui ilikuwa ni nini." Ni kweli. Wao ndipo wanapoona mlango wa kupitia, na mimi ndipo ninapouona ukuta. Kama sijui ni nini, nitajuaje ni nani? Mtu aliyekuja na jina mkononi amekwisha kudai kwamba anajua zaidi yangu mimi niliyekuwapo. Basi aeleze. Aeleze chaki iliandikaje bila ubao, kisha ndipo aseme nani aliishika.

Tazama Kashasha, kule Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka wakashindwa kunyamaza. Kicheko kilienea hadi kikawapata wanafunzi 95 kati ya 159, na mwezi Machi shule ikafungwa. Waganga wa hospitali walipima, wakatafuta sumu na vijidudu, hawakukuta kitu. Waliandika hivyohivyo walivyokuta, wakasema ni hofu na dhiki ya nafsi inayoambukizana. Jawabu hilo halitoshelezi kila swali, lakini halikuhitaji mtu wa kulaumiwa.

Kisha tazama Unguja na Pemba mwaka 1995, siku za Popobawa. Watu wazima walilala nje wakikoka moto. Mimi siwacheki, najua jinamizi linavyomkaba mtu akiwa macho na viungo havisogei, na najua mwaka wa uchaguzi ulivyokuwa mzito kule. Hofu yao ilikuwa ya kweli. Lakini umati ulipotaka hofu hiyo iwe na uso, ulimkamata mtu mgonjwa wa akili ukamuua. Na vikongwe wa Usukumani waliouawa kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyotiwa wekundu na moshi wa jikoni wakiwapikia watoto na wajukuu, nao waliuawa na watu waliokuwa na msiba wa kweli usio na maelezo. Msiba ulikuwa wa kweli. Jina ndilo lilikuwa la uongo.

Mwaka 1993 nilikutana na mzee yule katika stendi ya mabasi, amekonda, ameshika kikapu cha karanga za kuuza. Nilitaka kupita. Yeye akaniona.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba, mwalimu. Habari za chuoni?" Akaniangalia kitambo. "Yule mwandishi bado anaandika?"

Nilishindwa kujibu. Akaendelea, pole pole, kana kwamba tunazungumza habari za mvua. "Nilimsikia tangu mwaka nilioanza kazi. Nilimzoea. Ila sikusema. Mlinzi akisema anasikia mambo, mtasema amelewa, au mtasema ni yeye."

Nikanunua karanga nyingi kuliko nilizohitaji. Hiyo ndiyo toba niliyoweza siku ile, na ninaiona haya kuiandika.

Mwaka 1999 nilirudi chuoni pale nikiwa Mkuu wa Chuo. Nililitafuta faili, nikaandika barua kwa wahusika nikieleza kikao kilivyokuwa na nikikiri sehemu yangu. Nilijibiwa kwamba suala limepitwa na wakati. Wakati huo mzee alikwisha kufariki. Nakala ya barua nilimpelekea mwanawe, aliyeipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akaikunja, akanikaribisha chai.

Kuanzia mwaka huo niliweka daftari ofisini. Aliyesikia au kuona jambo lolote katika jengo aliandika tarehe, saa, hali ya hewa, alikuwa na nani, na alichosikia. Aliyetaja jina la mtu bila kumwona nilikuwa nikimfutia mbele yake. Wapo walionuna, na mkufunzi mmoja alisema kwamba nawalinda wachawi kwa kalamu ya serikali. Safu ya mwisho ilikuwa ya sababu, na aghalabu tuliijaza katika wiki moja: popo, bati lililolegea, mwanachuo aliyetoroka kwenda dansi, paka wa mpishi. Mahali pawili, kwa miandiko ya watu wasiojua habari zangu, paliandikwa chaki, darasa la tatu. Safu ya sababu hapo niliiacha tupu, na nilipostaafu mwaka 2009 nililikabidhi daftari pamoja na funguo.