Popo wa Nzwani na Mto wa Bibi

Jioni ya Ijumaa iliyopita tulialikwa kahawa kwa jirani yetu hapa Mombasa, ambaye binti yake, mwanafunzi wa elimu ya viumbe, amerejea salama kutoka visiwa vya Komoro. Alikaa huko wiki tano pamoja na wanafunzi wenziwe na mwalimu wao, na kazi iliyowapeleka ilikuwa kuhesabu popo.

Tukiri mapema kwamba tulipoelezwa habari hiyo mara ya kwanza tulicheka. Babake alipotutaka shauri, tulimwambia kuwa mtoto wa kike hapelekwi ng'ambo kwa ajili ya mnyama ambaye sisi tukimwona ukumbini humtoa kwa fagio. Bahati njema hakutusikiliza. Alimsikiliza mamake, bibi wa binti huyo, ambaye ni mzaliwa wa Nzwani na ana jamaa huko wa kumpokea mjukuu wake.

Visiwa hivyo, vilivyo baina ya Msumbiji na Bukini, vilizuka baharini kwa moto wa volkeno. Ngazija ungali na mlima wake ulio hai, Karthala, wenye urefu wa mita 2,361. Mwaka 2005 mlima huo ulitapika majivu yakayaharibu maji ya birika za vijiji. Na watu wa Ngazija hutegemea birika kwa kuwa mawe ya kisiwa chao ni machanga na yana matundu: mvua ikinyesha, maji huzama yote ardhini. Nzwani ni kisiwa kikongwe kuliko hicho. Moto wake ulikwisha poa zamani, mvua imekichonga mabonde na miteremko mikali, na misitu iliyo juu huyashika mawingu na kuyageuza maji. Kwa hiyo Nzwani una mito, au tuseme ulikuwa nayo mingi.

Katika misitu hiyo ndimo anamokaa popo aliyefuatwa na binti yetu. Wataalamu walimpa jina la Livingstone mwaka 1866, ingawa wenyeji walikuwa wakimwona kila siku bila ya kumngoja Mskoti. Si popo huyu wetu wa ukumbini. Akizikunjua mbawa zake hukaribia mita moja na nusu, mwili wake ni mweusi, masikio ya mviringo, na macho yana rangi ya chungwa. Mchana kweupe huonekana akielea juu ya bonde bila ya kupiga mbawa, akibebwa na upepo wa joto kama mwewe. Haishi porini popote duniani ila Nzwani na Mwali, na jumla yao hukadiriwa kuwa kiasi cha 1,300. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka.

Kazi yenyewe, alivyotusimulia, haina mbwembwe. Baada ya sala ya alfajiri walipanda mlima kwa saa mbili au tatu, mara nyingine kwa mikono na magoti, hadi wakafika ng'ambo ya bonde kuukabili mti wanamolala popo. Hapo huketi wawili wawili na darubini zao, kila mmoja akihesabu peke yake bila kumwambia mwenzake, kisha hulinganisha. Siku ya kwanza hesabu yake na ya mwenzake zilihitilafiana kwa popo wanne, wakarudia. Siku ya pili ukungu ulishuka, wakangoja hadi adhuhuri wakarejea mikono mitupu. "Ami," alituambia, "nilidhani nitajifunza popo. Nilijifunza kungoja."

Lakini jambo lililomkaa moyoni halikuwa popo. Chini ya mmoja wa miti ile palikuwa na shamba la muhogo na ndizi la mama mmoja mtu mzima, ambaye wao wanafunzi walimwita koko, yaani bibi. Mama huyo ana mabinti watatu, na desturi ya Nzwani ni kwamba binti hujengewa nyumba na wazee wake kabla ya kuolewa. Nyumba ya kwanza ilikuwa imesimama kuta bila ya paa. Ile miti mikubwa ilikuwa mali yake, na kuni zina soko.

Soko hilo ndilo lililotunyamazisha ukumbini. Mlangilangi, ua ambalo mama zetu hulitia katika vikuba pamoja na asumini, hulimwa sana Nzwani kwa ajili ya mafuta yake, ambayo hupelekwa Ulaya kutiwa katika manukato ya thamani. Ili kuyapata, maua hukenekwa kwa mvuke katika mapipa makubwa, na moto huwaka chini yake kwa saa nyingi mno kwa kila pipa. Moto huo ni wa kuni. Tena si mlangilangi pekee wa kulaumiwa: kisiwa ni kidogo, watu ni wengi, na mtu asiye na shamba tambarare hulima mteremkoni. Shirika la wenyeji liitwalo Dahari hupatana na wenye mashamba ili wasaidiwe nao waiache miti wanamolala popo. Binti yetu asema yule koko alikuwa angali akiwaza. Alimsikiliza mwalimu hadi mwisho, akawakaribisha ndizi mbichi za nazi, kisha akauliza, "Mkishawahesabu, watazidi?"

Hakuna aliyemjibu vizuri. Mwalimu alieleza kwamba popo hao hula matunda ya msituni na kuzitawanya mbegu, msitu hushika maji, na maji ndiyo yanayoufikia muhogo wake. Maelezo ni ya kweli. Ila hayaezeki nyumba.

Tulipokuwa tukiinuka kuaga, bibi, aliyekuwa kimya muda wote akikinusa kichupa cha mafuta ya mlangilangi alicholetewa na jamaa zake, alimwuliza mjukuu kuhusu mto uliopita nyuma ya kijiji chao. Alitaka kujua kama wasichana bado huenda kufua pale kwenye jiwe refu, na kama maji bado hufika kifuani wakati wa masika.

Binti alitutazama sisi kwanza, kisha babake. Alikuwa ameuvuka mto huo mara nyingi, akapita kwa ndara zake bila ya kulowa.

"Jiwe lipo, bibi," akasema.

Babake ametuarifu kwamba mwalimu amemwomba binti arudi mwakani kwa muda wa miezi sita, na safari hii hakututaka shauri.